Jibu la Swali Jingine

Kila Jumamosi Chiriku hufagia nywele katika duka la baba yake, kinyozi. Jina hilo la utani alipewa na wateja kwa sababu mdomo wake haupumziki. Asubuhi hiyo alikuwa akimpigia soga wakili wa mtaani kwao, aliyekaa kitini na povu kidevuni, mkunga alipoingia bila hata kubisha hodi. Huyo ndiye aliyenunua gari kuukuu la baba wiki iliyopita.

"Kaka, gari lako limeniacha njiani nikienda kwa mama mwenye uchungu," alisema. "Nimetembea kwa miguu, nimefika mtoto amekwisha zaliwa. Bahati yake alikuwepo jirani jasiri. Fundi anasema injini imekosa maji, na rejeta inavuja siku nyingi."

Gari lile Chiriku alilijua vizuri. Kila walipotoka, kazi yake ilikuwa kubeba dumu la maji, na baba alisimama kila baada ya mwendo mfupi "kulinywesha".

"Pole sana, dada," baba alisema. "Lakini mimi si muuza magari. Tumeuziana mtu na mtu. Ulilizunguka, ukaliendesha, ukaridhika. Hapo tena si juu yangu."

"Ni kweli, wakili?" mkunga aliuliza.

Wakili angependa kukwepa, lakini angekwenda wapi na nusu ya ndevu?

"Ni kweli kiasi," alijibu. "Kwa kawaida, mtu anayeuza gari lake mwenyewe halazimiki kutaja kila ubovu. Mnunuzi ndiye afungue macho, alete fundi kabla ya kulipa. Lakini ukimuuliza naye akakupotosha, una haki ya kumdai. Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama linachemsha."

"Nami nikajibu halijawahi kuniacha njiani," baba alidakia. "Ni kweli tupu!"

Mkunga alimgeukia Chiriku. "Mwanangu, ulikuwepo. Ndivyo alivyosema?"

Chiriku aliacha kufagia. Alimpenda baba yake, na hakutaka kumwaibisha mbele ya mteja. Lakini akinyamaza, mkunga atafikaje kwa akina mama wanaomsubiri?

"Ndivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Ila, Baba, shuleni nikiulizwa mto unaanzia wapi, nikajibu una samaki wengi, mwalimu ananipa sifuri. Hata kama samaki wapo." Machozi yalimlengalenga. "Halikutuacha njiani kwa sababu tulikuwa tunabeba maji."

Baba aliweka wembe mezani, na Chiriku akajikunyata akingoja kukaripiwa.

"Nisamehe, dada," baba alisema. "Nilijua unauliza nini. Nitalitengeneza kwa gharama yangu, kwa fundi utakayemchagua wewe. Kama hulitaki tena, nitakurudishia hela zako."

"Litengenezwe," mkunga alisema. "Lakini sasa nakuuliza tena. Lina ubovu mwingine?"

Baba alikuna kichwa. "Breki ya mkono haishiki sawasawa. Na dirisha la nyuma, ukilishusha halipandi."

"Na mlango wa kushoto haufunguki mpaka uupige teke!" Chiriku aliongeza.

Hata mkunga alishindwa kujizuia, akacheka.

Mkunga alipoondoka, baba alimshika binti yake bega. "Ulidhani nitakukasirikia?"

"Ndiyo, Baba."

"Nimeona aibu, sikukasirika. Nilijiambia kwamba sikusema uongo, maana kila neno langu lilikuwa la kweli. Kumbe mama wa watu alikuwa anateseka kwa uchungu akimngoja mkunga, na mimi najikinga kwa maneno." Aliuchukua tena wembe amalizie ndevu za wakili. "Mtu akikuuliza, mwanangu, usitafute jibu la kukuokoa wewe. Mpe lile analolihitaji yeye."