Shito ya Mkono Mwingine

Sogeeni, jamaa zangu, ninyi mlio na mtu wenu kazini mbali, na ninyi msio naye pia, maana ya kesho hamyajui.

Jumamosi ya vifurushi, kambi ya askari pale Takoradi ilinukia kabla hujafika getini. Wanawake walikoka moto nyuma ya nyumba za familia, kila mmoja na sufuria lake, wakakaanga shito, ile pilipili nyeusi ya kulia chakula. Vitunguu, tangawizi, pilipili kavu, unga wa samaki wa moshi na uduvi, mafuta bila ubahili, kisha kukoroga na kukoroga, mpaka maji yakauke yote na rangi iwe nyeusi. Hapo ndipo inakaa miezi bila kuharibika. Waume zao walikuwa kusini mwa Lebanoni, wamevaa kofia za buluu, wakilinda amani ya watu wengine. Njaa hawakuwa nayo, chakula cha jeshi kilikuwepo. Lakini mwanamume wa Ghana akae mwezi mzima bila shito? Mh! Muulizeni mwenyewe.

Aliyewasimamia wanawake hao ni Magajia. Ndivyo aitwavyo mke anayewaongoza wenzake kambini. Jina lake hasa ni Lariba, mtu wa kaskazini, mke wa sajini-meja, mwili mkubwa na sauti iliyouzidi mwili. Yeye ndiye aliyehakikisha kila askari amepata boksi lake: shito, unga wa muhogo uliokaangwa, samaki wa chumvi, sabuni, soksi. Hata makapera waliwekewa.

"Hawa hawana wake, Magajia," mmoja alilalamika. "Nani awakaangie?"

"Wana mimi. Na wewe uliyeuliza, shika mwiko, usaidie!"

Wakacheka, na mwiko ukashikwa. Wanawake wale ni wa kuvuliwa kofia, nawaambieni. Walilea watoto peke yao, wakaziba mabomba yanayovuja, wakauguzana, na bado Jumamosi wakaimba.

Kati yao alikuwapo Enyonam, mke wa Koplo Senyo. Shito yake ilikuwa na tangawizi nyingi, na uduvi aliutwanga pamoja na vichwa vyake. Senyo alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba hata akifungwa macho ataitambua. Kule lindoni walikula kikosi kizima kutoka bakuli moja, na kopo la Enyonam ndilo lililokwisha kwanza. Kila jioni Senyo alimpigia simu akamhadithia, na Enyonam akajifanya hajali, huku meno yote nje.

Sasa, jirani yake alikuwa mama mmoja aitwaye Araba. Alikuja asubuhi moja akakaa kwenye kibaraza bila kukaribishwa.

"Shoga, mimi maneno ya watu siyapendi."

Mtu akianza hivyo, ndugu yangu, inuka ukateke maji.

"Ila mume wangu kanidokeza. Huko kwao kuna duka la mwanamke. Senyo wako hakosi hapo hata jioni moja. Wenzake wanapumzika, yeye huyoo, dukani."

"Anafuata nini?"

"We Enyonam! Mwanamume anafuata nini kwa mwanamke?"

Enyonam hakuuliza zaidi. Angempigia tu mumewe akamtolea uvivu, mambo yangeisha siku ileile. Hakupiga. Alikaa na lile neno, akalala nalo, akaamka nalo, likamla moyo. Jioni Senyo alipopiga, hakupokea. Kesho yake akamfungia namba kabisa. Jumamosi ya vifurushi ilipofika, moto wake haukuwashwa.

Magajia alimfuata mlangoni. "Mwanangu, sufuria lako liko wapi?"

"Sikaangi."

"Unaumwa?"

"Mzima. Akakaangiwe na huyo wa dukani."

"Nani wa dukani?"

"Muulize mumeo, atamjua."

Magajia alimbembeleza, akamkemea, akambembeleza tena. Mwenzake akafunga mlango. Basi yule mama alirudi uwanjani amenuna. Hakuweza kuvumilia boksi la Senyo liende bila kopo wakati wenzake wanafungua ya kwao. Akakaanga yeye, akaandika juu ya kopo: Kutoka kwa Enyonam. Alifanya kwa huruma, jamani, kwa huruma tupu. Tena alijitahidi kuzidisha tangawizi. Lakini Lariba ni mtu wa kaskazini, na mkono wake haujui kupika bila dawadawa, zile mbegu zilizovundikwa zenye harufu ya peke yake. Aliweka kidogo tu, akadhani imefichika.

Na hapa inabidi niwaambie desturi moja ya kambi ile. Aliye kazini nje ya nchi hapelekewi habari ya msiba. Ana bunduki mkononi, kichwa chake kinatakiwa kitulie. Baba yako akifa, watakwambia mzee hajambo, anakusalimu, na vifurushi vitaendelea kuja kwa jina lake mpaka siku utakaposhuka kwenye ndege. Ndipo watakukalisha chini. Kila askari anaijua desturi hiyo. Msimu uliopita Senyo mwenyewe alimshika bega rafiki yake aliyerudi akakuta mama yake amekwisha kuzikwa zamani, na huku alikuwa akila samaki "kutoka kwa mama."

Haya, fikirini wenyewe. Simu za mkewe hazipatikani. Kopo limekuja na jina lake. Amelifungua mbele ya wenzake, ameonja, na ndani yake kuna mkono mwingine.

Wiki haikuisha, simu ya Magajia ikalia mchana. Alikuwa Sajini Nartey, kiongozi wa kikosi cha Senyo.

"Magajia, shikamoo. Nakuomba usinifiche. Mke wa Senyo alikufa lini?"

"Amekufa nani?" Magajia aliruka. "Enyonam? Nimemwona sasa hivi anaanika kanga!"

"Kweli?"

"Kweli ya Mungu! Nani kakwambia kafa?"

Sajini akavuta pumzi. "Mumewe. Tangu lile kopo, hali, halali. Jana akiwa zamu ameshuka kwenye mnara, ameacha lindo, ameshika njia peke yake. Tumemuuliza unakwenda wapi, anasema, nakwenda kumzika mke wangu. Na njia ile, Magajia, kando yake yote bado kuna mabomu ya ardhini. Vijana wamemfuata hatua kwa hatua, wanamwita kwa upole, mpaka mmoja akamshika mkono. Tumemnyang'anya bunduki. Asipotulia leo, atarudishwa nyumbani kwa aibu, au atatoka tena, na safari ijayo labda hatumuwahi."

"Na huyo mwanamke wa dukani je?"

"Mwanamke yupi? Bibi kizee yule? Senyo anakwenda kwake kwa sababu mtandao unashika pale mlangoni tu. Huko ndiko alikokuwa akimpigia mkewe kila jioni!"

Magajia hakuvaa hata viatu. Alikatiza uwanja akihema, simu mkononi, akamkuta Enyonam na kanga zake. Akamwambia yote, bila kuyapunguza makali. Kisha akapiga kifua chake. "Na mimi nimo. Mimi ndiye niliyemtengenezea maiti yako kwenye kopo. Piga simu, mwanangu. Piga sasa hivi!"

Enyonam alikaa chini, pale pale kwenye majani. Magajia akambonyezea namba ya sajini. Sajini akapokea, akampa Senyo.

"Senyo. Ni mimi."

Ikaja sauti aliyoijua, imechoka. "Dela, usinifanyie hivi. Najua mna sauti moja wewe na dada yako. Niambie tu mlimzika wapi."

"Si Dela! Ni mimi, Enyonam!"

"Hata Magajia amenidanganya kwa lile kopo. Niacheni nimlilie mtu wangu."

Enyonam alimtazama Magajia, na Magajia alitazama pembeni. Ndipo ile hasira aliyoilea kwa majuma ikapata kazi ya maana.

"We Senyo Agbozo! Unanizika mie mzima? Mwanamume uliyekuja kwetu kuposa umevaa viatu vya kuazima, vinakubana, unachechemea mpaka baba akauliza kama una mguu wa bandia! Nikasema sina shida, na mguu wa bandia namtaka! Na mpaka leo Dela hajui kama vilikuwa vya kuazima! Nani mwingine atakwambia hayo, mjinga wewe?"

Kule ng'ambo kulisikika kicheko kilichokatika katikati, kikawa kilio. Mtu mzima, askari, akalia mbele ya sajini wake, na Sajini Nartey, Mungu ambariki, akawafukuza vijana wote waliokuwa karibu.

"Kwa nini hukupokea?" aliuliza Senyo alipoweza.

Akamwambia. Araba, duka, yote. Alisema kwa aibu, machozi yakimchuruzika. "Nilikasirika, Senyo. Nilitaka uumie kidogo."

"Ungenipigia ukanitukana," alisema Senyo. "Enyonam, ungenitukana kila siku. Ningejua uko hai."

Araba, kwa taarifa yenu, alikuja jioni hiyo akisema yeye alikuwa akitania. Magajia alimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Senyo hakurudishwa. Wenzake walimsimamia, wakamlisha, wakalala zamu kando yake mpaka akawa mtu tena. Lakini kuacha lindo ni kuacha lindo, na jeshi halina huruma na hilo. Alivuliwa tepe zake mbili, zile alizozitolea jasho miaka mingi. Enyonam hakuambiwa. Kila jioni alipigiwa simu kutoka mlangoni kwa yule bibi, na kila jioni mumewe alimsifia mapishi.

Alijua siku Senyo aliporudi, alipofua sare zake. Mkononi pale tepe zilipokuwa, kitambaa kilikuwa cha kijani zaidi, hakijaliwa na jua la Lebanoni. Alisugua. Akapiga pasi. Alama ya ukoplo wa mumewe ilibaki palepale kwenye shati, na aliyemvulisha tepe ni yeye, mkewe.

Funzo

Ndugu zangu, Araba alisema neno moja tu, na maneno kama lile yanasemwa kila kibaraza. Lililokaribia kumuua Senyo ni kimya cha mkewe. Mtu wako akiwa mbali hana macho ya kukuona, ana sauti yako tu na kile ulichomfungia kwenye boksi. Ukimnyima hivyo viwili, atajijazia mwenyewe, na mpweke hajijazii mema. Ukisikia jambo, muulize mwenye jambo, hata kwa ukali.

Na ninyi wenye huruma, akina Magajia wa kila kambi na kila mtaa, nawapenda, na dunia hii ingetushinda bila ninyi. Mkaangieni asiye na wa kumkaangia. Lakini juu ya kopo andikeni jina la aliyekaanga.