Mwisho Aliowanyima Askari

Kicheko kilitangulia mzaha. Donat alikuwa amekula chumvi nyingi jukwaani, na kosa kama hilo halikumpita. Alikuwa akifanya mazoezi peke yake, saa nane mchana, katika ukumbi wa kukodi mtaani Hewa Bora, mabenchi matupu, mlango umerudishwa. Hakuwa hata amefika mahali pa kuchekesha, watu wakaangua kicheko. Wanaume, tena wengi.

"Nani iko pale?"

Harufu tu ilimjia, ya viatu vya ngozi vilivyolala na maji na ya sigara za bei rahisi. Donat aliketi, akajiambia ni uchovu. Siku hizi kila kitu alikiita uchovu.

Zamani alikuwa askari, ingawa bunduki yake ilipata kutu kuliko ilivyopata kazi. Wakati wa vita vya upande wa Pweto, wakubwa walimwona kijana wa Manono mwenye mdomo usiofungwa, wakamtia katika kundi la burudani: ngoma mbili, gitaa moja, na yeye, Kaporali Bila-Soksi. Kazi yao ilikuwa kuwachekesha wenzao kabla hawajaenda mstari wa mbele. Na walikuwa na desturi yao: hadithi ya kuagana haimalizwi. Ilikuwa ile ile kila mara, ya askari aliyeiba kuku wa komanda akampika, komanda akafuata harufu, akafunua sufuria, akakuta... Hapo Bila-Soksi huinua mkono na kupaza sauti:

"Mwisho mutasikia wakati mutarudia!"

Wao humtukana, wakapanda malori wakicheka. Waliamini kwamba anayengojea mwisho hafi, na kwamba atakayeusikia, huyo harudi tena kwa watu wake. Kwa hiyo Donat hakuutamka kamwe, hata akiwa peke yake. Wengi walikufa hata hivyo, na yeye akaendelea kuwachekesha waliobaki. Hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama ile.

Vita vilipokwisha alikuja Lubumbashi, akaingia tamthilia. Mkewe, Germaine, alishona mavazi ya kundi lake. Binti yao, Bénie, aliolewa Kolwezi, na nyumbani wakabaki wawili, wakizeeka kwa amani na kugombana kidogo juu ya chumvi.

Kile kicheko kilimfuata mpaka nyumbani. Kwanza kilikuwa nyuma ya ukuta, kisha chini ya meza, kisha, siku moja wakiwa wanakula, kilitoka kinywani mwa Germaine. Alicheka kwa sauti nzito ya mwanamume, kisha ya mwingine, kisha ya kundi zima, machozi yakimtoka, mikono imeshika mbavu, na macho yake, macho yale yale ya mwanamke aliyemjua miaka yote, yalimtazama mumewe yakiomba msaada huku mdomo ukiendelea kucheka, na chumba kikijaa harufu ya viatu vilivyolowa mpaka Donat akashindwa kuvuta pumzi.

Kilipotulia, Germaine alimnong'oneza mumewe, "Papa Bénie, haiko miye. Banacheka ndani yangu."

"Nyamaza, mama. Usiseme."

"Banauliza kintu. Banauliza komanda alikuta nini."

Donat aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mabomu. Germaine hakuwahi kuisikia hadithi ile.

Wiki ikapita, Germaine hali wala halali. Mifupa ya shingo ikaonekana. Ndipo Donat alipomwita Mama Chomba wa Makomeno, mwanamke wa sala ambaye pia alijua mambo ya wazee yasiyosemwa kanisani. Alimshika mgonjwa kichwa, akasali muda mrefu, akatoka uani.

"Ile haiko démon, Papa Donat. Ni bakishi, bantu balikufwa. Sala haibatoshe, juu uliba promettre kintu, ulibapa ahadi. Banangojea."

"Kama minabapa?"

"Batakwenda, babaki kule kwabo. Lakini mama asisikie. Muzima mwenye kusikia, bataenda naye pamoja."

"Na miye mwenye kusema?"

Mama Chomba alitazama chini. "Papa, masikio yako utaziba na nini?"

Donat alipenda kuishi, hata kwa uchovu wake. Kutoka chumbani kicheko kikaanza upya, na katikati yake akasikia mkewe akililia hewa. Lisilobudi hutendwa.

Wakaenda ukumbini mchana huo huo. Germaine aliwekwa ng'ambo ya barabara, kwa muuza makaa, Mama Chomba akimziba masikio kwa viganja na kumwimbia kwa nguvu. Donat aliubusu mkono wa mkewe, akasema, "Ngoja kidogo, minarudia." Ulikuwa uwongo, na kilichomuuma ni jinsi ulivyomtoka kwa urahisi.

Akafunga mlango, akapanda jukwaani. Mabenchi yalilia moja baada ya jingine kama yanavyolia watu wanapokaa. Akaanza: kuku, moto, harufu, komanda anakuja na bakora. Vicheko vikampokea kila mahali pale pale pa zamani, na kwa aibu yake akaona raha, kwa maana hakuna watu waliowahi kumsikiliza vizuri kama wale. Komanda akashika kifuniko, akafunua. Ukumbi ukanyamaza.

Mkono wa Donat ulipanda wenyewe kwa mazoea. Akaushusha.

"Akakuta kuku muzima, inalalia yai. Kuku ikamupigia saluti: 'Mon commandant, tafazali, funika! Baridi inaingia!'"

Walicheka, walicheka kama vijana, kwa vifua vyao wenyewe, mpaka vumbi likadondoka darini. Kicheko kilipokwisha, akasikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara, safi, ya mwanamke mmoja tu.

"Papa Bénie! Niko na njala! Kuya twende ku nyumba!"

Donat alilia kwa furaha. Mabenchi yalianza kulia tena, askari wakiinuka, na karibu naye mtu akasema taratibu, "Kaporali, twende."

Germaine akaita mara ya pili. Donat alishuka jukwaani, lakini si upande wa mlango.