Mazimwi Kumi na Watano wa Kitanoura

Katika zama zile watawala wa Japani walipokuwa wakinyang'anyana nchi kwa upanga, bandari ya Kitanoura, kwenye pwani ya kaskazini, ilikuwa na utajiri uliozidi ulinzi wake. Vyombo vilishusha hariri na chuma, vikapakia mwani na samaki wakavu, na mtawala wa milimani aliuonea kijicho mji huo. Theluji ya kwanza ilipoanguka, jeshi lake lilikuwa limepiga kambi mwendo wa siku moja tu kutoka langoni.

Mlinzi mkuu wa lango aliitwa Kanbei, mtu wa maneno machache na wasiwasi mwingi. Siku ya sherehe ya mazimwi hakuwa ametia kitu mdomoni. Yasoji, mwanawe wa pekee, alikuwa miongoni mwa vijana kumi na watano waliopanda hekaluni mlimani asubuhi ili wajivike uzimwi: vinyago vyekundu vya mbao na majoho ya majani makavu ya mpunga. Kila mwaka, katikati ya baridi, mazimwi hao hushuka wakaingia nyumba hadi nyumba, wakiwakaripia wavivu na kuwabariki watoto. Zimwi havui kinyago wala hatamki neno la kibinadamu kabla ya kufika kwenye meko ya kwanza. Akithubutu, samaki wataukimbia mji mwaka mzima.

Kanbei alikuwa amewasihi wazee waiahirishe sherehe. Walimcheka. "Mwacha mila ni mtumwa," walimwambia. Jamani, adui yuko mlangoni na watu wazima na mvi zao wanang'ang'ania vinyago.

Alasiri, theluji ikianguka, mazimwi wakatokea. Kanbei aliwahesabu kutoka juu ya ukuta, wakatimia kumi na watano. Moyo wake haukutulia. Walitembea wamebanana, wakikanyaga kwa hatua moja, na vijana wa Kitanoura hawakuwahi kukubaliana hata namna ya kuvuta wavu.

"Fungua," alisema Tokusai, mkuu wa wazee. "Mazimwi hawangojeshwi kwenye baridi."

"Nipe muda kidogo, mzee wangu."

"Muda wa nini? Mwanao yumo humo."

"Ndiyo maana naogopa. Natamani kufungua kuliko wewe."

Omine, mke wa Kanbei, alikuwa amesimama nyuma yao akisikiliza. "Mama yeyote anaruhusiwa kuchomoa jani moja kwenye joho la zimwi, liwe kinga ya mwanawe," alisema. "Mila haisemi nichomoe nikiwa ndani. Nitoe kwa mlango mdogo, bwana."

"Na kama si wao?"

"Nitajua. Joho la Yasoji nililisuka mimi, nikalifunga ukosi kwa uzi wa buluu."

Kanbei alimtazama. Alitaka kukataa, na angeweza. Lakini hakuwa na njia nyingine, naye alilijua hilo, na aibu ikamchoma. Akashuka, akaondoa komeo la mlango mdogo kwa mkono wake mwenyewe.

Omine akatoka akiwa peke yake. Akampita zimwi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa wa tano akauona uzi wa buluu. Akaweka mkono begani. Lilikuwa bega pana la mtu mzima, na majani ya shingoni yalikuwa yamelowa damu mbichi.

Hakupiga yowe. Aliugeukia ukuta.

"Funga, bwana," alisema, kwa sauti ileile aliyomwitia chakula kila siku. "Hawa si wetu. Yasoji wetu hayupo tena."

Kanbei akasukuma komeo. Panga zikachomolewa chini ya majoho, na Omine akawa wa kwanza kuanguka. Mishale ikamiminika kutoka ukutani. Waliosalimika wakakimbilia milimani, na jeshi lililojificha nyuma ya misonobari likarudi mikono mitupu.

Kitabu cha mji kiliandika kwamba Kitanoura iliokolewa na uimara wa ukuta wake. Uongo mtupu.

Mwaka uliofuata wazee walimwomba Kanbei apumzike, amwachie mwingine lango. Akakataa. Vijana wapya waliposhuka na vinyago vyao, alitoka bila upanga, akamshika kila mmoja bega, akilia waziwazi mbele ya mji mzima.

Hata sasa, mazimwi wakishuka Kitanoura, mtu mmoja hutoka kuwapokea. Watoto hudhani ni mchezo. Lango hufungwa kwanza nyuma yake, ndipo anapowasogelea.