Unyayo Katika Udongo

Kabati la kioo lilikuwa wazi, kufuli lake zima. Shanga za dhahabu zilikuwepo. Kilichoibwa ni kibao cha udongo chenye maandishi ya kale, na katikati yake unyayo wa mtoto.

"Kitafute upesi, Inspekta," alisihi Daktari Wisam, mkuu wa makumbusho ya Amara. "Hakikuchomwa motoni kile. Kikilowa, tope."

Inspekta Shinawa alipaka kioo unga wa kuonyeshea alama za vidole. Vidole hakuviona. Aliona midomo, alama juu ya alama, pale pale kibao kilipolazwa. Watu wa Amara hubusu hivyo nondo za makaburi ya mawalii. Kabati abusu nani?

"Kitendawili, Daktari."

"Tega, ila tuna kazi."

"Mwizi gani huacha dhahabu akabeba udongo?"

"Mwendawazimu."

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua Basra, pamoja na joto lake!"

"Mama aliyefiwa. Ufunguo wa kabati hushikwa na nani?"

Daktari akatazama kufuli. "Mama Khudhair, mlinzi wa ukumbi. Mwanawe alizama mtoni Tigri, ndio kwanza anaanza kutembea. Maiti haikuonekana."

Walimkuta akichemsha chai.

"Mama Khudhair, kiko wapi?"

"Nini tena, mwanangu? Kunywa chai kwanza."

"Chai baadaye. Midomo yako iko kwenye kioo."

Kijiko cha sukari kikasimama hewani.

"Nimekichukua mimi. Mguu ule ni wa Khudhair wangu. Udogo ule ule."

"Mtoto yule alikufa hata manabii hawajaja, mama."

"Basi na mama yake hayupo wa kunidai. Wenzangu Alhamisi huenda makaburini kuongea na watoto wao. Mimi niongee na mto? Nimemchimbia kando ya baba yake, nikamlaza ndani ya sanda. Sasa nina pa kukaa."

"Pale ni pakavu?" Daktari alidakia.

"Pakavu? Mwanangu alale na kiu? Jana Alhamisi nimemmwagia maji na marashi, kama wenzangu."

Daktari aligeukia ukuta.

Kaburini Inspekta alifukua kwa mikono. Sanda ilikuwa imekunjwa vizuri mno. Ndani yake, tope.

Mama Khudhair alilipapasa, akitafuta, mpaka vidole vikachoka.

"Nilidhani namnywesha," alisema. "Kumbe namzamisha."

Pingu zilibaki kiunoni mwa Inspekta. Alishika ncha mbili za sanda, mama akashika mbili, wakainua taratibu, tope lisimwagike.