Hapa Hatupigi Hodi

Katika stoo ya vitabu ya maktaba ile, wafanyakazi hawakupiga hodi. Walikohoa. Mtu akifika mlangoni anakohoa, aliye ndani naye anakohoa, basi, mlango unafunguliwa. Ungedhani wote wana kifua.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili, waliyemtania Mama Marejeo kwa vile kila siku alikuwa pale akisaka marejeo ya tasnifu yake, aliliona jambo hilo akacheka. Kicheko chenyewe cha uchovu. Alikuwa akiandika juu ya mtunzi mmoja wa tamthilia, marehemu wa zamani sana, na msimamizi wake alikwishamwambia wazi: "Tamthilia yake ya mwisho hujaigusa. Bila tahakiki za wataalamu juu yake, usiniletee kazi." Nyumbani nako kulikuwa na mtoto wake mchanga, akilelewa na bibi yake kwa kupapasa, maana macho ya bibi huyo yaliishia kwenye cherehani akimsomesha binti yake huyu. Sasa alimjua mtu kwa sauti tu.

"Vitabu vya huyo bwana viko stoo," mkutubi alimwambia, akishusha sauti. "Makala pia. Soma unachotaka, mwanangu, ila ukisikia hodi usiitikie."

"Kwani kuna nini, mzee?"

"Usiitikie tu. Sisi tukija tutakohoa."

Haya, makubwa! akajisemea, akaingia.

Ilikuwa mchana kweupe, taa zote zinawaka. Katika tamthilia ile kulikuwa na mhusika asiyeonekana jukwaani: anapiga hodi nyuma ya pazia tangu mwanzo hadi mwisho, wala hapati wa kumkaribisha. Mtaalamu mmoja aliandika kwamba huyo ni mauti. Mwingine akabisha, akasema ni dhamiri. Kwenye makala moja chakavu akakuta hoja kwamba ni mtunzi mwenyewe, anatafuta pa kuingilia, na hapo Mama Marejeo akajipiga paja kwa furaha. Ndiyo hoja aliyoikosa miezi yote! Akainama kunakili mbiombio.

"Hodi."

"Karibu," akasema, kalamu haijaacha karatasi.

Ulimi hauna mfupa, jamani. Neno hilo tumelishwa tangu utotoni, linatoka kabla akili haijafika. Alipoinua kichwa ndipo alipotambua kwamba sauti haikutoka mlangoni, ilitoka nyuma ya rafu, kwenye ukuta mtupu, na harufu ikaanza kuja, ya poda kuukuu ya waigizaji na mshumaa uliozimwa sasa hivi, ikamkaa puani, na vitabu vya rafu ile vikawa vinasogea kimoja kimoja kumpisha mtu asiyeonekana, mpaka karibu kabisa na sikio lake, na hapo kitu kikaanza kulijaribu neno lake polepole, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Karibu," kikasema kwa sauti nzito. "Karibu." Kisha tena, nyembamba zaidi: "Karibu."

Hiyo ya mwisho ilikuwa sauti yake yeye, hata mafua aliyokuwa nayo.

Alitoka mbio, viatu kaviacha humo. Mkutubi alipomwona hakuuliza mengi.

"Umeitikia."

"Imenitoka, mzee! Sikukusudia!"

"Ee Mungu wangu. Alikuwa hana sauti ya kuingilia kwa watu, sasa anayo." Mzee alinong'ona. "Nyumbani kwako yuko nani?"

"Mama. Na mtoto."

"Mama anaona?"

Akachomoa simu. Kwa haraka akakosea namba ya mama yake mzazi, akarudia, ikaita, ikaita, ikapokelewa, na kwa nyuma akamsikia mwanawe analia kilio kile cha njaa anachokijua, akashukuru kwa kilio hicho.

"Mama! Usimfungulie mtu! Mtu yeyote, mama, nakuomba!"

"We mtoto, umerukwa na akili?" Mama alicheka. "Unapiga hodi mlangoni, na papo hapo unanipigia simu? Acha utani wako, ingia, mlango uko wazi."

"Mama, si mimi! Mama!"

Lakini mama alikwishaiweka simu kando.

"Karibu, mwanangu," alisikika akisema kwa upole. "Mpokee mtoto, mikono imenichoka."

Mtoto akanyamaza.