Njaa ya Pongo

Kabula alikuwa mtoto wa kubembelezwa kula. Tangu aachishwe ziwa, kila mlo ulikuwa kesi: tonge moja kwa hadithi, jingine kwa kutishiwa fimbo. Kwa hiyo siku aliyomaliza ugali wake, akalamba sahani na kuomba aongezwe, mama yake Paskalia alifurahi. Alimwongeza. Akaomba tena, akaongezwa tena, mama akimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana Paskalia alikuwa mama ntilie pale Kawajense, mjini Mpanda, na mama ntilie mwenye mtoto mwembamba husemwa sana na wateja.

Ila wiki ilipokwisha, gauni la Kabula lilikuwa linamdondoka mabegani.

Paskalia alikuwa amechoka. Hilo tuliseme mapema, kwa sababu mambo yote haya yalianzia kwenye uchovu. Kupikia watu Mpanda si kupika tu, ni kukumbuka. Msabato hagusi kambale, anasema hana magamba. Mwislamu anataka kujua nani kachinja. Selestine fundi baiskeli hali kondoo, na ukimuuliza sababu anakujibu kwamba baba yake naye hakula. Halafu kila mmoja akimwona mwenzake anakula kile asichokula yeye, anakunja uso kana kwamba mwenzake anatafuna kiatu! Paskalia aliwabeba wote kichwani, kila mtu na sufuria yake, kila sufuria na upawa wake, na jioni miguu imemvimba.

Mwiko wake yeye ulikuwa pongo, yule mnyama wa porini mwekundu mwenye madoa meupe mgongoni. Kwao Usevya ukoo wao haukumla. Wengine walisema ukimla unatoka mabaka, wengine walisema meno yanang'oka. Bibi yake, Bibi Dorotea, alikuwa anasema tu, "Hatumli," na mazungumzo yanaishia hapo.

Mumewe Mwandu, Msukuma wa Kasekese, mtu wa masihara kutwa nzima, hayo hayakumhusu. Bucha la nyamapori lilipofunguliwa mjini, alirudi nyumbani na pongo.

"Pika mwenyewe, baba Kabula," Paskalia alimwambia. "Mimi sigusi."

Mwandu akapika, tena kwa mbwembwe. Harufu ikajaa nyumba, Kabula akaanza kulilia mchuzi.

"Si umpe tu," Mwandu alisema. "Mtoto ni wa ukoo wa baba. Ng'ombe nilitoa, mkwe akapokea."

Paskalia alijua kwamba kwao mtoto ambaye hajang'oa meno ya utoto bado ni wa kwa mama, pamoja na miiko yote. Alijua kabisa. Lakini alikuwa amesimama tangu alfajiri, na kilio cha yule mtoto kilikuwa hakikomi.

"Kula basi," alisema, "tulale."

Sasa mtoto anakula kama wanaume wawili na anakauka. Zahanati walimpa dawa za minyoo. Minyoo haikutoka, na sahani ziliendelea kurudi zimelambwa.

Kisha mchana mmoja, saa ambayo wateja wameshaondoka na jua limesimama juu ya Kawajense, Paskalia akasikia kwato kwenye bati. Ko, ko, ko. Taratibu, kama mnyama anayechagua pa kukanyaga. Alitoka nje akatazama juu. Bati lilikuwa tupu, linang'aa. Aliporudi ndani akakutana na harufu ya manyoya yaliyolowa mvua, na mvua Mpanda ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Kabula alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anamtazama.

"Mama," alinong'ona. "Anatafuna."

"Nani, mwanangu?"

Mtoto akafunua gauni akagusa tumbo lake.

Paskalia hakutaka kuliwekea sikio tumbo lile, kila kiungo mwilini kilimkatalia, lakini ni mtoto wake wa pekee, na mama hana pa kukimbilia, basi akapiga magoti, akainamisha kichwa, akashusha sikio juu ya ngozi iliyogandamana na mbavu, na humo ndani, chini kabisa, akasikia meno mapana yakisaga pole pole, yakitulia, yakisaga tena, kama mnyama aliyelala kivulini anacheua na hana haraka yoyote, kwa sababu malisho ni yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Hata kulia alikuwa hana nguvu.

Akampigia simu bibi yake.

Bibi Dorotea alishuka na basi la kwanza kutoka Usevya, kakonda, kajifunga khanga mbili. Mlangoni alimkuta Mwandu, na kama kawaida ya bibi na mume wa mjukuu, akaanza utani.

"Mume wangu, mbona hukuja kunipokea stendi? Una mwanamke mwingine?"

"Ni wewe tu, mke wangu!" Mwandu alijibu. Hata siku ile mdomo wake haukushindwa kujibu. Walikuwa hivyo tangu harusi.

Bibi alipomwona Kabula utani ukamtoka. Akaketi, akawaambia kwa sauti ya chini kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

"Mnauliza kwa nini hatumli. Ni makubaliano. Sisi hatumli, na sisi hatuliwi."

"Pongo anakula watu, bibi?" Mwandu aliuliza.

"Pongo anakula majani. Mwenye pongo ndiye anayekula watu."

Alikoroga unga wa ulezi kwenye bakuli la maji, akamkalisha Kabula kizingitini, uso nje. "Nitaomba msamaha. Halafu nitauliza njaa hii nani anaipokea. Nikiuliza, nyie nyamazeni. Kitu hiki kisipopata wa kukijibu kitarudi porini na njaa yake."

Basi wakakaa. Bibi akanyunyiza ule ulezi, akaomba kwa Kipimbwe muda mrefu, kisha akauliza. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Kwato zikaja juu ya bati, ko, ko, zikasimama. Mwandu alikuwa amejikunyata pembeni, macho mekundu, hajalala siku nyingi kwa kumlinda mwanawe, kichwa kinamwangukia kifuani.

Hapo sauti ya Bibi Dorotea ikasema, kwa madaha yake yale yale, "Mume wangu, kwani wewe huioni njaa yangu?"

"Naiona, mke wangu," Mwandu akajibu, tabasamu limeshamjia kabla macho hayajafunguka. "Njoo nikulishe."

Paskalia alikuwa anamtazama bibi yake. Midomo ya bibi ilikuwa imefumbwa.

Bati likatoa mlio mmoja, kisha pakatulia. Kabula akakohoa, akatapika maji ya majani mabichi, akaanza kulia kilio chake cha zamani, cha deko. Walimpa uji. Vijiko viwili tu, akageuza uso: hataki. Paskalia akamkumbatia akalia kwa sauti, furaha na hofu vimemjaa kifua kimoja.

"Bibi," alinong'ona, "na baba yake je?"

"Wa kwetu nilikuwa na cha kumwombea, mwiko wake ulivunjika nikauunga." Bibi Dorotea alikuwa anakunja khanga yake, hamtazami. "Mumeo hakuwahi kukatazwa. Kwake hakuna makubaliano yoyote. Nitaunga nini?"

Aliondoka siku ile ile. Mwandu alimsindikiza stendi, na bibi hakumtania hata mara moja.

Kabula ananenepa sasa. Bado anabembelezwa kula, na mama yake anambembeleza kwa uvumilivu ambao hakuwa nao. Wateja wanakuja, kila mtu na sufuria yake. Mwandu naye anakaa kwenye benchi la mwisho karibu na jiko, anataniana na kila anayepita, na mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari.

"Mama Kabula," anaita, "leo umepika vitamu. Niongeze kidogo."

Paskalia anachukua upawa, anapakua, anamwekea. Anaposogea kuchukua sahani tupu huwa anabana pumzi, kwa sababu akikaribia sana anasikia kutafuna, na mdomo wa mumewe umefungwa.