Ardhi Iliyobaki kwa Jina la Marehemu

Merekaraka alirudi kutoka mkutano wa wenye ardhi uso umemshuka. Shangazi yake Tiripa alikuwa jikoni akimenya viazi vitamu.

"Vipi huko?"

"Wamesema sitapiga kura, Shangazi. Jina langu halimo. Ati mwenye ardhi ni Bibi Ngahuia."

"Mama yangu? Ana miaka thelathini kaburini!"

"Basi marehemu ndiye mwenye kura. Mimi ninayefyeka nyasi za makaburini kila Jumamosi, nikae kimya."

Ardhi hiyo ilikuwa ya ukoo mzima wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokaa bonde lile. Kampuni moja ilitaka kuikodi ipande misonobari hadi kilima cha makaburi. Kura ingepigwa baada ya miezi mitatu. Baba yake Merekaraka alizikwa kilimani pale, naye aliwaza matingatinga usiku na mchana.

Jirani yao Huria aliingia na samaki wa mkunga aliyekaushwa kwa moshi. Aliwahi kuwa karani wa mahakama ya ardhi kwa miaka ishirini, na habari ilikuwa imekwisha kumfikia.

"Nendeni mahakamani mkarithi hisa zake za ardhi," alisema. "Pelekeni cheti cha kifo, majina ya watoto na wajukuu wa marehemu, na fomu. Nitawasaidia kuijaza."

Tiripa aliweka kisu chini. "Mahakama iliyotumaliza? Huria, umelewa?"

"Asubuhi mapema hivi? Sijaanza bado."

Merekaraka alicheka, kisha akauliza, "Ilitumalizaje?"

"Waingereza waliohamia hapa walichoka kuamuliwa mambo yao kutoka London," alisema Huria. "Walidai kujitawala, wakapewa bunge lao. Lakini kura ilikuwa ya mwanaume mwenye mali kwa jina lake mwenyewe."

"Na ardhi yetu ilikuwa ya ukoo."

"Ndiyo. Kwa hiyo wengi wetu tuliachwa nje, na walowezi wakatutungia sheria. Baadaye mahakama yao ikaandika wenye ardhi wachache tu, kumi au pungufu. Hao wakishawishiwa, wanauza. Ukoo mzima unaamka hauna pa kulima."

"Kumbe wao walipojitawala, sisi ndio tuliozidi kutawaliwa!" alisema Merekaraka.

"Ndiyo maana mama alituapisha tusikanyage pale," alisema Tiripa kwa hasira.

"Alikuwa na haki, dada yangu. Lakini sheria imebadilika. Siku hizi kuuza ardhi ya ukoo si rahisi. Asiyeandikwa ndiye anayeachwa nje. Safari hii mlango mnaufunga wenyewe."

Tiripa alichukua kisu, akarudia kumenya viazi. Merekaraka aliingiwa na hofu, maana majina yote ya ukoo yalikuwa kichwani mwa shangazi, na shangazi alikuwa na miaka themanini na miwili.

Siku ya mahakama, Merekaraka alikuwa tayari ameketi garini peke yake, na fomu aliyoijaza na Huria kwa majina machache aliyoyajua. Mara Tiripa akatoka amevaa gauni jeusi na kidani cha jiwe la kijani.

"Endesha," alisema, "kabla sijabadili mawazo."

Hakimu alifungua kwa sala, kisha akamwamkia Tiripa kwa Kimaori. Bibi kizee alishangaa. Akasimama, akataja vizazi saba bila karatasi, kutoka kwa babu wa mababu hadi kitukuu aliyezaliwa wiki iliyopita. Karani kijana aliyekuwa akiandika alimwomba apunguze mwendo.

"Kaza mkono, mwanangu," alisema Tiripa. "Leo sitaki mtu abaki nje."

Walirithi wote. Kwa ushauri wa Huria, waliweka hisa zao pamoja katika mfuko wa familia, zisigawanyike vipande vipande. Kwenye mkutano, kura zao ndizo zilizoamua. Misonobari itapandwa bondeni tu, kilima hakitaguswa. Merekaraka alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Jumamosi alikwenda kufyeka nyasi kama kawaida. Shangazi alifuata polepole na fimbo yake, akaketi kando ya kaburi la Ngahuia.

"Mama, nimekuasi," alisema. "Lakini wote wamo."